Bustani za Nyumbani Pwani ya Malindi na Kilifi

Mtu atokaye Mombasa kwenda Malindi kwa njia ya pwani husafiri kama kilometa 120. Huvuka daraja la Mtwapa, hupita Kikambala na njia panda ya Takaungu, kisha hufika kwenye hori ya Kilifi. Zamani ilimpasa msafiri kungoja kivuko mahali hapo, pengine saa nzima au zaidi, akila korosho na kusikiliza habari za wenziwe. Tangu mwaka 1991 huvuka juu ya daraja, na hori yote huionekea chini yake, maji ya buluu na mashua zilizotulia. Mbele ya Kilifi hukutana na mashamba ya mikorosho na minazi, kisha msitu mkubwa wa Arabuko-Sokoke humfuata upande wa kushoto mpaka karibu na Gede. Toka hapo Malindi si mbali.

Safari hii akiifanya mwezi wa Februari, ataona vumbi jekundu juu ya majani, na mbuzi wakitafuta kivuli chini ya miembe. Akiirudia mwezi wa Mei, huenda asiitambue njia ile ile. Kila mahali pamekuwa kijani, njia za miguu zimejaa maji, na watu wameinama mashambani na majembe yao. Wasafiri wengi huyatazama mashamba hayo, wakasema, "Mwaka huu kuna chakula." Lakini mahindi yale wayaonayo hayataliwa mpaka Julai au Agosti. Chakula cha mwezi wa Mei hupatikana nyuma ya nyumba, kati ya jiko na mahali pa kuoshea vyombo, katika kipande cha ardhi ambacho mara nyingi hakizidi hatua ishirini kwa kumi. Habari hizi ni za kipande hicho.

MAJIRA NA NJAA

Watu wa nchi za baridi huhesabu Mei na Juni kuwa mwanzo wa majira ya joto, nao hutoka nje kwa furaha kupanda maua na mboga. Pwani ya Kenya mambo ni kinyume. Joto kali huja na upepo wa kaskazi, tangu Desemba hata Machi. Aprili upepo hugeuka ukawa kusi, bahari huchafuka, wavuvi wenye vyombo vidogo hukaa ndani ya mwamba, na mvua kubwa huanza. Mvua hizo Waswahili wengi huziita masika, lakini watu wa Malindi na Kilifi huziita mvua za mwaka, kwa kuwa mwaka wa mkulima huhesabiwa kwazo. Mvua za vuli, zinyeshazo baina ya Oktoba na Desemba, ni chache na hazitegemewi sana. Tena kadiri mtu aendavyo bara, kuelekea Ganze na Bamba, ndivyo mvua zote mbili zinavyopungua.

Basi mwanzo wa mwaka ndio wakati wa kazi nyingi kuliko zote, na ndio wakati wa chakula kidogo kuliko vyote. Akiba ya mavuno yaliyopita imekwisha au inakaribia kwisha. Mama wa nyumba akiinua macho kutazama uchaga ulio juu ya mafiga, huona mahindi machache yaliyobaki, meusi kwa moshi. Hayo hayaliwi hata njaa ikizidi, maana ndiyo mbegu. Yaliwekwa juu ya moto makusudi ili fukusi wasiyatoboe. Mume na watoto wakubwa wanahitaji nguvu za kulima na kupalilia, na sufuria haina cha kutosha.

Hapo ndipo bustani ya nyumbani huonyesha thamani yake. Mahindi ya pwani huchukua kama miezi minne kukomaa. Mchicha uliopandwa siku ile ile huanza kuchumwa baada ya majuma matatu au manne, na majani machanga ya kunde hufuata upesi. Mchunga, mboga ichukiwayo na watoto kwa uchungu wake, hauhitaji hata kupandwa. Huota wenyewe katika ardhi iliyolimwa mara mvua inyeshapo. Kwa hiyo nyumba yenye bustani huwa na kitoweo mwezi mzima kabla ya nyumba isiyo nayo, na mwezi huo ndio mgumu.

SIFA YA KALE

Sifa ya Malindi kwa matunda na mboga si ya jana. Mreno Vasco da Gama alipotia nanga hapa mwezi wa Aprili 1498, Sultani wa mji alimpokea vema na kumpa chakula, kisha akampatia rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Aliporudi Januari 1499, baada ya kukaa baharini karibu miezi mitatu, mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa, na waliosalia walikuwa wakiugua kiseyeye. Fizi zao zimevimba hata hawawezi kutafuna. Mmoja wa watu wa safari hiyo aliyeandika habari zake ameeleza kwamba jambo ambalo wagonjwa walilitamani sana walipofika Malindi lilikuwa ni machungwa, na wakaletewa. Zaidi ya miaka 200 ilipita kabla daktari wa meli, James Lind, hajajaribu mwaka 1747 kuwapa wagonjwa machungwa na ndimu na kuthibitisha kwamba dawa ya kiseyeye imo ndani ya matunda hayo.

Mreno mwingine, Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliitaja Malindi kwa bustani zake za matunda na mboga. Na mtu akiutembelea mji wa kale wa Gede, kusini ya Malindi, ambao James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, ataona visima virefu na nyua za nyumba zilizojengwa kwa mawe. Mji huo uliachwa katika karne ya 17, na sababu zake wataalamu wangali wakizijadili. Leo mibuyu na mizizi ya miti mikubwa imeshika mahali watu walipokaa.

Malindi yenyewe ilififia baada ya Sultani wake kuhamia Mombasa mwishoni mwa karne ya 16. Ilifufuka mwaka 1861, zama za Sayyid Majid wa Unguja, mashamba makubwa ya mtama yalipofunguliwa na nafaka kupelekwa Arabuni kwa majahazi. Haifai kusahau kwamba mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Mtumwa hakuwa na shamba lake, lakini mara nyingi alipewa kipande kidogo cha kujilimia chakula chake siku asizofanya kazi ya bwana. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907, na watu wengi walioachiwa huru walianza maisha mapya bila mali yo yote isipokuwa jembe na mbegu.

Vitu vilivyomo bustanini navyo vina historia ya safari ndefu. Kunde, mtama na bamia ni vya Afrika. Mwembe, mbiringani na mwarobaini vilitoka upande wa Bara Hindi. Mahindi, muhogo, mpapai, nanasi, pilipili na mkorosho vilitoka Marekani ya Kusini na ya Kati, vikaletwa na meli za Wareno. Leo hapana mzee wa Kigiriama au wa Kiswahili ayahesabuye mahindi kuwa ni kitu cha kigeni. Mmea ukikubali ardhi, na watu wakajua kuupika, hupata uraia.

BUSTANI ILIVYO

Ardhi ya pwani si rahisi kwa mboga. Karibu na bahari ni mchanga mweupe juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vingine yana chumvi. Mbele kidogo ni mchanga mwekundu, mzuri kwa muhogo na mikorosho, lakini hauhifadhi maji. Mvua ikinyesha asubuhi, jua likatoka, jioni ardhi imekauka. Kwa sababu hiyo mkulima wa bustani hapa huanza kwa kuufanya mchanga ushike maji.

Njia zitumiwazo ni nyingi na hazihitaji fedha. Wengine huchimba kitalu kiwe chini kidogo ya usawa wa ardhi, ili maji yakusanyike ndani yake badala ya kukimbia. Wengine huzika makumbi ya nazi chini ya udongo. Makumbi hunyonya maji kama sifongo, yakayatoa polepole mvua ikikatika. Samadi ya mbuzi na ya kuku huchanganywa na majani yaliyooza na majivu ya jikoni. Makuti makuukuu yaliyotolewa katika paa hutandazwa juu ya kitalu ili kuzuia jua. Maji yaliyooshea mboga na mchele hayamwagwi ovyo. Hupelekwa kwenye shina la mpapai au la mgomba.

Katika jambo la samadi lazima pawe na uangalifu. Yule mdudu mkubwa mweusi mwenye pembe, aitwaye chonga, ambaye hutoboa kilele cha mnazi na kuuua, hutaga mayai yake katika magogo ya minazi yaliyooza na katika marundo ya samadi. Mwenye bustani na minazi hana budi kuyapindua marundo hayo mara kwa mara, na funza wanene waonekanao huokotwa wakapewa kuku. Kwa hiyo kuku hushiba na minazi husalimika. Wadudu wadogo walao majani hunyunyiziwa maji yaliyorowekwa majani au mbegu za mwarobaini zilizopondwa. Mti huo umeenea pwani nzima, hata watunzaji wa misitu hulalamika kwamba unaingia katika misitu ya kaya na kusongamana na miti ya asili. Lakini katika bustani ni rafiki.

Adui mkubwa kuliko wadudu wote ni mbuzi wa jirani. Ua wa miiba au wa makuti hujengwa kabla ya mbegu kuingia ardhini, wala si baada yake. Ugomvi mwingi wa vijiji vya pwani mwezi wa Mei huanza na kamba ya mbuzi iliyokatika.

ELIMU YA MAJANI

Mgeni akionyeshwa bustani ya namna hii pengine ataona magugu matupu. Hakuna mistari iliyonyooka kama ya kabichi. Mnavu umesimama karibu na mchicha, mkunde unatambaa chini ya muhogo, mboga ya maboga imepanda juu ya ua, na pembeni kuna mronge, ambao wengine huuita mzunze, majani yake yakichumwa kidogo kidogo. Lakini mwenyewe anajua kila kitu kilipo na kwa nini kipo.

Elimu hiyo aghalabu imo katika vichwa vya akina mama wazee. Wao wanajua kwamba mchunga haupikwi peke yake, bali huchanganywa na mchicha au mnavu ili uchungu upungue, kisha hutiwa tui la nazi na kuliwa kwa sima. Wanajua kwamba kisamvu lazima kitwangwe na kuchemshwa sana, maana majani ya muhogo mabichi yana sumu. Wanajua ni mnavu upi wa kula na upi wa kuacha, na ni wakati gani kuchuma ncha tu ili mmea utoe matawi mengine. Kijana aliyemaliza shule huweza kuijua mimea ya nchi za mbali kwa majina yake ya vitabuni, na asitambue mchunga ulio mlangoni kwao.

Kwa muda mrefu mboga hizi zilidharauliwa. Ziliitwa chakula cha maskini, na mwenye fedha alinunua sukumawiki na kabichi zilizotoka bara kwa malori. Wataalamu wa chakula siku hizi husema mengine. Mboga za majani za kienyeji kama mchicha, mnavu na majani ya kunde zina madini ya chuma na vitamini kwa wingi, mara nyingi kuliko kabichi. Kwa mama mjamzito na kwa mtoto aliyeachishwa ziwa jambo hili ni kubwa. Sokoni Malindi na Kilifi mafungu ya mchunga na mnavu huuzwa waziwazi, na hununuliwa na watu wa kila hali.

KAZI YA WENGI

Bustani ni ya nyumba moja, lakini ni nadra kuwa kazi ya nyumba moja. Wagiriama na ndugu zao Wamijikenda wana desturi ya kale iitwayo mweria, ambayo watu hukusanyika kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, na mwenye shamba huwapa chakula. Vyama vya wanawake vya siku hizi vimejengwa juu ya msingi huo, ijapokuwa vina daftari, mwenyekiti na mweka hazina.

Serikali na mashirika yamejaribu mara nyingi kuitia nguvu desturi hiyo. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka 1952, wakati wa ukoloni, na vyama vyake vilifundisha ushonaji, usafi, upishi na bustani. Mwaka 1962 vilianza vyama vya watoto vya 4-K, vilivyofuata mfano wa vyama vya 4-H vya Marekani. Jina lake ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Katika vyama hivyo mtoto alipewa kitalu chake shuleni, akafundishwa kupanda, kupalilia na kuandika hesabu ya mavuno. Baada ya miaka mingi ya kusinzia, vyama vya 4-K vilifufuliwa mwaka 2021. Mwaka mmoja kabla ya hapo, ugonjwa wa Korona ulipofunga masoko na kuwakosesha wengi kazi za hoteli, Serikali ilikuwa imeanza mpango wa bustani milioni moja za jikoni. Mjini Kilifi kwenyewe palikuwa na chuo cha kilimo kwa miaka mingi, na mahali pake leo pana Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopewa hati kamili mwaka 2013. Huko Mtwapa kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha ukanda wa pwani, ambacho mboga za kienyeji ni sehemu ya kazi yake.

Hata hivyo, chama cha kijijini husimama au huanguka kwa mambo madogo. Desturi za vyama hivi karibu ni moja. Siku moja katika juma wanachama hukutana chini ya mwembe, kila mtu na jembe lake. Huanza na bustani ya aliye mgonjwa au aliyejifungua, maana hiyo haiwezi kungoja. Kisha huendelea nyumba kwa nyumba. Mwenye kuchelewa hutozwa faini ndogo, nayo huingia katika sanduku la chama. Wakati wa kupumzika, mmoja huleta chai, mwingine mihogo ya kuchemsha, na mazungumzo huwa mengi kuliko chai. Humo ndimo mwanamwali aliyeolewa juzi kutoka mbali hujifunza kwamba mchanga wa huku haufanani na wa kwao, na humo ndimo husikika kwamba nyumba fulani haijawasha moto tangu jana. Siku ya pili yake fungu la mchicha hufika katika nyumba hiyo, bila mtu kutangaza.

Matata hayakosekani. Maji ya kisima yakipungua, kila mtu huona bustani yake ndiyo ya kwanza. Sanduku likiwa na fedha, maneno huanza. Chama kinachodumu ni kile ambacho hesabu yake husomwa mbele ya wote, na zamu ya maji imeandikwa au inajulikana kwa kila mtu.

Karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke bustani zimepata kazi nyingine ya ajabu. Msitu huo una ukubwa wa kilometa za mraba kama 420, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 majirani wengi walitaka ugawanywe kuwa mashamba, kwa kuwa hawakuona faida yake. Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo, wenye makao yake Gede. Wakulima walifundishwa kufuga vipepeo wa msituni ndani ya vizimba vya wavu, na kuotesha katika bustani zao miti ambayo viwavi hula majani yake. Kiwavi akijifunga katika kifuko chake kabla ya kuwa kipepeo, kifuko hupelekwa Gede, kisha husafirishwa kwa ndege mpaka nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. Hivyo mkulima alipata fedha kwa sababu msitu umesimama.

ARDHI NA MBEGU

Mtu anaweza kuuliza: Ikiwa bustani ina faida hizi zote, kwa nini kila nyumba isiwe na miti ya matunda ya kudumu, minazi na michungwa, badala ya mboga za miezi michache? Jibu limo katika habari ya ardhi. Tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, sehemu kubwa ya pwani iliandikwa kwa majina ya wachache, na watu wengi wamekaa vizazi kadha juu ya ardhi wasiyo na hati yake. Katika pwani hii mti na ardhi huweza kuwa na wenyewe mbalimbali, na mti uliopandwa ni kama neno la kudai. Mwenye ardhi aghalabu humruhusu mkaazi kupanda mahindi na mboga, lakini humkataza kupanda mnazi. Mnazi wa kienyeji huchukua miaka sita au zaidi kuzaa. Mchicha huchukua majuma matatu. Mtu asiyejua kama atakuwapo mahali pale mwaka ujao hupanda kile atakachoweza kukila kabla ya kuhamishwa, naye huweka mbegu yake katika kibuyu kinachochukulika.

Kwa hiyo kwa watu wengi wa Malindi na Kilifi mali isiyoweza kunyang'anywa ilikuwa mbegu. Lakini hata hiyo iliingia mashakani. Sheria ya Kenya ya mbegu na aina za mimea, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, ilikataza kuuza na kubadilishana mbegu zisizosajiliwa na kuthibitishwa. Adhabu yake ilifika kifungo cha miaka miwili au faini ya shilingi milioni moja. Kusudi lililotajwa lilikuwa ni kuwalinda wakulima na wauzaji wa mbegu za uongo, nalo ni kusudi jema, maana walaghai wapo. Lakini kwa maneno ya sheria hiyo, mama aliyempa jirani yake mbegu za mnavu na kupokea mbegu za kunde angeweza kuitwa mkosaji. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani kuipinga. Novemba 2025 Mahakama Kuu huko Machakos ilikata kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba.

Faida ya desturi ya kugawana mbegu ilionekana katika ukame mkubwa ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020. Misimu mitano ya mvua, mmoja baada ya mwingine, ilikuja haba mpaka mwisho wa 2022. Huko Ganze na Magarini ng'ombe walikufa na mashamba ya mahindi yalikauka yakiwa na kimo cha goti. Mtu akipanda mara mbili au tatu na mvua ikamkataa, mbegu yake huisha. Kama aliiweka yote mwenyewe, imekwisha kabisa. Kama mwaka wa neema alimgawia jirani na shemeji na mwanachama mwenziwe, huenda mmoja wao ana kisima, au aliotesha vitalu viwili vya kumwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo, na mbegu ile ile ikarudi kwa mwenyewe. Mbegu za mchicha ni ndogo kama mchanga. Kofi moja hutosha kuanzisha bustani nyingi.

Mwisho wa Mei, mvua zikiwa zimeshika, mtu akipita kijijini saa za jioni atasikia sauti ya kinu katika nyumba nyingi, kisamvu kikitwangwa, na harufu ya tui itamfikia njiani. Mahindi yangali mafupi. Katika kitalu kimoja ataona mashina machache ya mchicha yaliyoachwa bila kuchumwa, marefu kuliko mtoto, yamefungwa uzi mwekundu ili mtu asiyakate kwa kosa. Watoto wa nyumba ile wana njaa kama watoto wengine, nao wanajua kwamba mashina yale hayaguswi. Mbegu zake zikikauka zitapukuswa juu ya ungo, zitagawanywa mafungu, na fungu la kwanza halitabaki katika nyumba ile. Litavuka ua kwenda kwa jirani.